Chai ya Kulwa

Fundi wa mafriji akiaga kwamba anakwenda kuishi kwenye barafu, watu wa Tabora hawawezi kumwacha apite hivi hivi. Doto Zablon alipoanza kufunga kibanda chake pale Ng'ambo, muuza kahawa wa jirani alimuuliza kama friji zote za mkoa zimepona, hata aone haja ya kwenda kuitengeneza ile ya Mungu. Mwingine alimtaka amletee kipande kidogo tu cha barafu ya huko, cha kutia kwenye juisi ya ukwaju. Doto alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka na watu, na waliomwona akicheka walidhani wanamjua.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kweli. Ujanani Doto alifanya kazi bandarini Dar es Salaam, akitunza makontena ya baridi yanayobeba samaki na nyama, na akapata cheti cha ubaharia kwa safari mbili tatu za Mombasa na Durban. Baadaye akarudi nyumbani kuishi na mama yake. Sasa Awadhi, msimamizi wake wa zamani, alikuwa amempigia simu. Kuna meli ya watafiti inaondoka Cape Town kwenda kusini kabisa mwa dunia, na fundi wao wa makontena ameugua. Watafiti hao huchimba nguzo za barafu ya kale, halafu barafu hiyo lazima ivuke bahari ya joto mpaka maabara bila kudondosha tone.

"Huko barafu ni ya bure," Awadhi alisema. "Kuirudisha ndiyo kazi. Ikiyeyuka, wasomi wote hao wamerudi na ndoo ya maji."

Doto alisema atakwenda, hata kabla ya kuuliza mshahara. Awadhi alishangaa, kwa kuwa huyu alikuwa mtu wa kubishania hata bei ya karanga. Lakini Awadhi hakujua kwamba Doto hakuwa akifuata kazi. Alikuwa akitafuta mahali pa kumlilia pacha wake.

Unyamwezini mapacha hawapewi majina kwa kubahatisha. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Na mama yao, Recheli, alitoka katika ukoo ulioshika mila za mapacha kwelikweli. Anachopewa mmoja apewe na mwenzake, la sivyo aliyenyimwa ataugua. Ilikuwa shati kwa shati, kiatu kwa kiatu, kofi kwa kofi. Mmoja akichapwa kwa kosa lake, wa pili alipata la kwake la bure, na Doto alikula mengi ya bure kwa sababu Kulwa alikuwa mtundu aliyekubuhu.

Kulwa alikufa msimu wa mvua, miaka minne iliyopita, lori la tumbaku alilopanda lilipopinduka njia ya Ulyankulu. Siku hiyo Doto alikuwa Kaliua, amelala chini ya friji ya muuza soda akiitengeneza. Aliporudi hakufika kwao. Wajomba walimpokea stesheni, wakampeleka nyumba ya mbali, wakamfungia mlango. Kwa mila ya ukoo ule pacha haoni maiti ya mwenzake, hafiki kaburini, na wala halii. Akilia, aliyetangulia atamsikia na kurudi kumchukua. Walichofanya ni kuchukua shati la Doto, wakakivisha kigogo cha mgomba, wakakilaza ndani ya jeneza ubavuni mwa Kulwa, ili marehemu adhani wamo wote wawili. Mchungaji alitazama pembeni, na jeneza likafungwa.

Tangu hapo hakuna mtu, nyumbani, sokoni wala kanisani, aliyetamka mbele ya Doto kwamba Kulwa amekufa. Watu walikuwa wakimzungumzia Kulwa, wakimwona Doto anakuja, habari inageuka kuwa ya bei ya mchele. Na kila asubuhi Recheli aliweka mezani vikombe viwili vya bati, kimoja cha mdomo wa buluu na kimoja cha mdomo wa kijani, akamimina chai, akatia asali katika vyote viwili. Doto alikunywa cha buluu. Cha kijani kilikaa pale mpaka kikapoa, halafu mama akakitoa nje na kukimwaga chini ya mpapai. Hawakuwahi kukizungumzia.

Pasaka ndiyo ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Wamoravian, ambao Recheli alisali nao, huamka gizagiza na kwenda makaburini na tarumbeta, kuwaambia wafu kwamba Bwana amefufuka. Recheli alijifunga kanga yake nyeupe, akatoka na wenzake. Doto alibaki kitandani akisikiliza tarumbeta kwa mbali, akijua wanapiga karibu na ndugu yake, akijua kila mtu wa mtaa yupo pale isipokuwa yeye aliyelala naye tumbo moja.

Walioitunga mila ile walimpenda anayebaki, hilo silikatai. Ila hawakumuuliza. Doto alitaka kulia mara moja tu, kwa sauti, mpaka aishiwe. Alijaribu. Aliwahi kwenda peke yake porini nje ya mji, akakaa chini, akangoja, na machozi hayakuja. Alijaribu kibandani, amewasha jenereta ili asisikike, hola. Mwishowe akaamini kwamba ardhi ya Tabora inamjua mno. Akifika mahali ambapo hakuna anayejua kwamba yeye ni pacha, atakuwa mtu wa kawaida aliyefiwa na kaka yake, na mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kulia. Hilo ndilo alilolifuata kwenye barafu.

Alipomweleza mama yake habari ya safari, alitarajia akataliwe. Tuseme ukweli, nusu yake ilitamani akataliwe. Recheli alikuwa mzee, na ndani ya nyumba ile walikuwa wamebaki wawili tu.

"Nenda," mama alisema papo hapo. "Unaondoka lini?"

Akaanza kumfungashia siku ile ile, na kila kitu akafungasha viwili. Blanketi mbili, masweta mawili ya mitumba, vifuko viwili vya karanga, viwili vya matobolwa ya viazi vitamu, chupa mbili za asali, na vile vikombe viwili vya bati. Doto alimwambia kwamba huko melini vyakula vipo. Mama akasema anajua, akaendelea kukunja sweta la pili.

Stesheni ilijaa watu. Mama wengine walikuwa wameshikilia mikono ya watoto wao kwenye madirisha ya behewa, wakiwapa salamu za kupeleka Dodoma, Morogoro na Dar. Recheli hakungoja. Treni ilikuwa haijapiga hata honi alipomwambia, "Haya mwanangu, Mungu akutangulie," akafunika kichwa kwa kanga, akageuka na kuondoka kwa haraka ya mtu aliyeacha maharage jikoni. Doto alimtazama kupitia dirishani mpaka akapotea nyuma ya wauza maji. Hakugeuka hata mara moja.

Jambo hilo lilimuuma. Mpaka treni inafika Tura, na akina mama wa pale wanapita chini ya madirisha na ndizi vichwani, alikuwa bado analitafuna moyoni. Amenichoka, aliwaza. Kila anaponiona anamwona aliyekosekana, na sasa amepata nafasi ya kupumzika. Nje miombo ilikuwa inapita, mti kwa mti. Ni njia hii hii, au ya jirani yake, waliyopita babu zake kwenda pwani na mizigo begani, ila wao walikwenda mamia kwa mamia, wakiimba. Doto alikuwa na mabegi mawili na hakuwa na wa kumshikia moja akienda chooni.

Toka Dar es Salaam alipanda ndege, na Cape Town akaikuta meli, nyekundu, ndefu, na mgongoni ina makontena yake meupe yakinguruma. Mtunza stoo alimpa suti ya baridi moja, jozi moja ya buti na kofia moja ya kuziba masikio. Doto, mkono ukiwa bado umenyooshwa, aliomba na ya pili. Mazoea yana taabu. Mtunza stoo alicheka, akamuuliza kwa Kiingereza kama ana miguu minne.

Siku za mwanzo alijisikia mwepesi. Hakuna aliyegeuza habari alipoingia chumba cha chakula, kwa sababu hakukuwa na habari ya kugeuza. Watafiti walimsalimu kwa adabu, wakamuuliza nyuzi za baridi, wakaenda zao. Bahari ilichafuka, ikatulia, ikachafuka tena. Kisha barafu ikaanza, vipande vipande kwanza, halafu uwanda mzima, na meli ikawa inaipasua kwa kishindo kilichotikisa vijiko. Jua la huko, ambalo watu wa kibandani walimwambia halizami kamwe, lilikuwa limeshaanza kuzama kama majua mengine, maana walifika mwishoni mwa msimu. Kila jioni, kazi ikiisha, Doto alijifungia chumbani, akakaa kitandani, akangoja kulia.

Hakulia. Na kadiri siku zilivyokwenda akaanza kuona kosa lake. Kule Tabora watu walinyamaza kwa ajili ya Kulwa, na ule unyamavu angalau ulikuwa wa Kulwa. Hapa watu walinyamaza kwa sababu hawakuwa na la kumwambia fundi wa makontena. Mahali ambapo hakuna anayemjua Kulwa, Kulwa hakuwepo kabisa, hata kwa kufa. Doto alikuwa ametoka kwenye nyumba ya watu wawili, akaja kwenye meli ya watu chungu nzima, na hajawahi kuwa mpweke kama vile. Asubuhi alikwenda jikoni na vikombe vyake viwili, akamimina, akaenda kukaa pembeni nyuma ya makontena, ambako hakuna aliyempita.

Mtu pekee aliyejua Kiswahili katika meli ile alikuwa Adinani, baharia wa sitaha, Mzaramo wa Kisarawe mwenye mdomo usio na breki. Siku ya kwanza tu, aliposikia Doto ni Mnyamwezi, alipiga kofi kwa furaha.

"Mtumwa wangu huyu! Mizigo ya babu yako bado ipo Bagamoyo, mtakuja kuichukua lini?"

"Babu yako alishaiiba," Doto alimjibu, kama ipasavyo.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, wale wakiteremka na mizigo na hawa wakiwapokea pwani. Mtani ana haki ya kukutukana hadharani nawe usikasirike. Na mpagazi akifia ugenini, mtani ndiye aliyemzika. Mpaka leo msibani mtani huingia na mzaha wake pale ambapo wengine wote wanaogopa hata kukohoa. Doto aliyajua hayo yote, lakini kwa Adinani aliishia kwenye matusi ya kawaida. Hakuwa na hamu ya zaidi.

Pasaka ikawakuta humo humo kwenye barafu. Doto aliamka gizagiza bila kuamshwa, akachukua chai yake, akatia asali aliyobakiza, akaenda nyuma ya makontena. Kulikuwa kunapambazuka. Barafu ilikuwa nyeupe mpaka mwisho wa macho, na meli ilikuwa imesimama ili watafiti wateremke kuchimba. Alivitua vikombe juu ya sanduku la vifaa, akasimama. Ilimchukua muda kugundua kwamba alikuwa anasikiliza. Alikuwa anangoja tarumbeta. Yalikuwa yamepigwa kila mwaka bila yeye kuwepo, na sasa hata mlio wake hakuupata.

"Mnyamwezi!" Adinani alikuwa anatoka zamu, ndevu zimeganda. "Chai mbili? Unadhani meli hii ya shangazi yako?"

"Moja si yangu."

"Ya nani?"

"Ya Kulwa."

Mtu aliyekulia Kisarawe amewaona Wanyamwezi wa kutosha kujua kwamba ukisikia Kulwa, kuna Doto, na ukimwona Doto, kuna Kulwa. Adinani alikitazama kile kikombe cha kijani kilichokuwa kinafuka mvuke bila mwenyewe. Kisha akamtazama Doto usoni.

"Kulwa yuko wapi?"

Doto alikiziba kile kikombe kwa kiganja, kisipoe.

"Amekufa," Adinani alisema.

Hakuuliza. Alisema tu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimtukania. Doto alishika ukingo wa sanduku, akangoja kitu kitokee, na hakikutokea. Hakuna aliyetoka chini ya barafu kuja kumchukua.

"Lini?" Adinani akauliza.

"Mwaka wa nne huu."

"Wa nne! Na nani alimzika?"

"Sijui. Walinifungia ndani. Pacha haruhusiwi." Doto alisita. "Wala kulia haruhusiwi."

"Na mtani alikuwa wapi?"

"Hakuwepo."

Adinani akaja juu. "Mmemzika mtu bila mtani? Washenzi wakubwa! Nani alivaa kofia ya marehemu? Nani aliwaambia wafiwa kwamba marehemu alikuwa mlafi? Mmemfukia kama panya!" Na hapo, akiwa bado anagomba, akanyoosha mkono, akachukua kikombe cha kijani, akanywa.

"Rudisha!" Doto alimrukia, akamkamata mkono, chai ikamwagikia suti zao. Kwa miaka yote minne hakuna midomo iliyogusa kikombe kile.

"Cha marehemu ni cha mtani," Adinani alisema, akapiga funda jingine. "Na asali juu! Kumbe Kulwa alikuwa anajipenda. Haya niambie, naye alikuwa na sura mbaya kama yako?"

Doto alimkodolea macho. "Mbaya zaidi," alisema, na akacheka, maana ni kweli walikuwa sura moja na kila siku walibishana nani ameharibika zaidi. Kicheko kilitoka, kikafika katikati, kikakatika, na kilichofuata hakikuwa kicheko tena. Alilia. Alilia kwa sauti, kwa Kinyamwezi, akimwita Kulwa, akimwambia amekufa, akimwambia kuhusu lori na mvua na shati lake lililozikwa, akimuuliza kwa nini hakungoja gari la kesho yake. Watafiti wawili waliokuwa wakishusha vyuma walisimama, wakatazama, wakaondoka kimyakimya.

"Lia, mtumwa wangu," Adinani alisema, amemshika mabega, naye machozi yanamganda kwenye ndevu. "Hata mpagazi hutua mzigo."

Mchana ule zamu ya Doto ya simu ilifika. Mtandao wa melini waligawiwa kwa foleni, na baada yake alikuwa Adinani, aliyetaka kuongea na mkewe. Recheli alipokea upesi, kama mtu aliyekuwa amekaa na simu mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula? Baridi inakuumiza?"

"Mama," Doto alisema, "Kulwa amekufa."

Upande wa pili kilisikika kiti kikisogezwa.

"Nimemlilia leo, mama. Kwa sauti."

"Unaumwa?" Sauti ya mama ilikuwa imebadilika. "Kichwa? Kifua? Niambie kweli."

"Siumwi popote. Mzima kabisa. Ile chai yake ameinywa mtani, Mzaramo mmoja, akasema cha marehemu ni chake."

Recheli alivuta pumzi. "Mzaramo," akasema polepole. "Huko kote uliko." Kisha akasema, "Basi sasa mwanangu amezikwa."

Ndipo Doto akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu azaliwe. Hakuitambua mwanzoni, akadhani mtandao unakwaruza. Mama yake alikuwa analia.

"Sikukutakia mabaya siku ile stesheni," alisema Recheli katikati ya kulia. "Nilikuwa nimebanwa. Ningekaa dakika moja zaidi ningepasuka mbele yako. Machozi ya mama nayo humwita pacha anayebaki amfuate mwenzake, tuliambiwa hivyo. Miaka yote hii nimelia bafuni, namwaga maji ya ndoo ili usisikie, nawe uko nyuma ya ukuta unanyoa ndevu. Uliposema unakwenda kwenye barafu nikasema, Mungu wangu, huko hata nikipiga yowe halitamfikia. Nilifika nyumbani, nikafunga mlango, nikamlilia mwanangu kwa sauti kwa mara ya kwanza. Levina wa jirani akaja, na wenzake wakaja, tukakaa chini."

Doto alikuwa ameegemea ukuta wa chuma. Kumbe walikuwa wamekaa nyumba moja miaka minne, kila mmoja akimlinda mwenzake na kilio chake, na kila mmoja akidhani yuko peke yake.

"Lia, mama," alisema. "Mimi nasikia. Na nipo."

Wakalia, mmoja Tabora na mmoja mwisho wa dunia. Adinani alikuwa amesimama mlangoni akingoja zamu yake. Dakika za Doto ziliisha, zikaanza zile za Adinani za kumpigia mkewe, nazo zikaanza kuyoyoma moja baada ya nyingine. Alijiegemeza mlangoni akatazama buti zake, hakusema hata neno, na kwa Mzaramo aliyepata nafasi ya kumtania Mnyamwezi hiyo si sadaka ndogo.